Damu ya Nani Nyekundu Zaidi

Shosho hana maneno mengi kuhusu jambo hili. Ukiulizwa wewe ni wa nani, sema wewe ni wa Yesu, halafu wafanye watakalo. Alisema hivyo Aprili 2015, wiki ile ya Garissa, sote tukiwa tumekaa kwake mbele ya runinga na chai imepoa vikombeni. Watu 148 walikuwa wameuawa chuoni, wengi wao wanafunzi wa rika langu, na wauaji walikuwa wamewatenga Wakristo na Waislamu kabla ya kufyatua risasi. Binamu yangu alikuwa akifundisha shule ya msingi kaunti ya Mandera. Likizo ya Pasaka ilikuwa inayoyoma.

Auntie, mamake, alikuwa na msimamo wake. Jifunze yale maneno yao, yakariri vizuri, ukiulizwa uyaseme, urudi nyumbani. Mungu anajua roho. Shosho akamwangalia kama mtu aliyemkuta akitia mkono kwenye kapu la sadaka. Auntie hakuyumba: "Mami, huyu ni mtoto wangu, si wa kanisa."

Mwenyewe binamu hakusema kitu. Kuna mtu alikuwa amenitumia shahada kwa WhatsApp, imeandikwa kwa herufi zetu za kawaida, na mimi nikamtumia hapo hapo tukiwa tumekaa sofa moja. Simu yake ikalia. Akasoma, akairudisha mfukoni.

Kilichonisumbua baadaye si nani kati ya hao wawili alikuwa sahihi. Nilitaka kujua kama kuna watu waliowahi kukaa chini wakalihesabu jambo hili polepole, hatua kwa hatua: kwa hili unakufa, kwa hili huna ruhusa ya kufa. Kanisani kwetu nilipewa mashujaa. Nilipewa vijana wa Namugongo waliochomwa tarehe 3 Juni 1886, na kila mwaka mabasi yanajaa mahujaji kuelekea Uganda. Lakini shujaa si sheria. Shujaa anakuambia inawezekana. Hakuambii ni lini unapaswa, wala ni lini umezidisha.

Sheria niliikuta kwa Wayahudi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo, nimechukua somo la dini za ulimwengu kwa sababu moja tu, kwamba darasa lilikuwa saa nane mchana na mimi si mtu wa asubuhi. Kila siku nilikuwa napita na matatu kando ya ile sinagogi ya Nairobi, pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, na sijawahi kujiuliza ndani wanasoma nini. Siku moja mwalimu akataja kwa haraka, akielekea kwenye mada nyingine, kwamba katika Talmudi kuna mahali marabi walipiga kura kuhusu lini mtu akubali kuuawa.

Kura, ati. Hapo nikaacha kuchorachora kwenye daftari.

Ilikuwa orofani, katika nyumba ya mtu aitwaye Nitza, mji wa Lod, kati ya Yerusalemu na bahari. Kwa kawaida kikao hicho huhusishwa na karne ya 2, enzi za Kaisari Hadrian, Warumi walipokuwa wamezima uasi wa Bar Kokhba mwaka 135 na kupiga marufuku mambo ya msingi ya dini ya Kiyahudi, kufundisha Torati kukiwemo. Watu walikuwa wanauawa kweli. Rabi Akiva alichanwa nyama kwa vitana vya chuma huku akikiri kwamba Mungu ni mmoja. Rabi Hanina ben Teradion alizungushiwa gombo la Torati na kuchomwa nalo. Kwa hiyo hawa wa orofani hawakuwa wanacheza mdahalo wa shule. Swali lilikuwa mlangoni.

Uamuzi wao ulikuwa huu: mtu akiambiwa avunje amri yoyote ya Torati au auawe, avunje, asife. Yoyote. Ale nguruwe, awashe moto siku ya Sabato, ale siku ya kufunga. Amri tatu tu ndizo zilizobaki nje: kuabudu sanamu, ngono iliyoharamishwa kama zinaa na mke wa mtu au na ndugu wa damu, na kumwaga damu. Kwa hizo tatu, ufe.

Ninataka tukae kidogo kwenye ile sehemu ya kwanza, kwa sababu mimi nilitarajia kinyume. Nilidhani dini ya zamani namna hiyo itaanzia kwenye kufa. Wao wanaanzia kwenye kuishi. Hoja yao inatoka Mambo ya Walawi, pale panaposemwa kwamba mtu atazifanya amri na kuishi kwazo. Marabi wakasoma neno hilo moja, kuishi, wakalishikilia kama mtu aliyeshika mlango wa matatu inayoondoka: amri zimetolewa ili uishi kwazo, basi haziwezi kuwa ndizo za kukuua. Rabi Ishmael alikwenda mbali zaidi. Yeye alisema hata sanamu, kama ni faraghani, sujudu uishi. Hakushinda kura, lakini maoni yake wameyahifadhi humo humo kitabuni, na hilo pia ni jambo la kupendeza kuhusu watu hawa. Wanaoshindwa hawafutwi.

Na somo hili walikuwa wamelilipia. Karne tatu kabla, wakati wa Wamakabayo, kundi la wacha Mungu lilijificha jangwani, adui akawafuata siku ya Sabato, wao wakakataa kupigana siku takatifu. Kitabu cha Wamakabayo kinasema walikufa wapatao elfu moja, na wanawake na watoto wao. Waliobaki wakaamua kwamba kuanzia siku hiyo, wakishambuliwa Sabato, watapigana.

Sasa zile tatu. Kwa sanamu wana aya, ile ya kumpenda Mungu kwa roho yako yote, ambayo wanaisoma hivi: hata akiichukua hiyo roho. Kwa ngono wana aya inayoifananisha na mauaji. Lakini kwa mauaji yenyewe, hakuna aya. Unaweza kutafuta. Wanasema hili halihitaji aya, hili ni la akili tu, na badala ya aya wanakupa kisa.

Mtu mmoja kule Babeli alimwendea Rava, mwalimu mkubwa wa karne ya 4. Akamwambia: mkubwa wa mji wangu ameniamuru nimuue fulani, nisipomuua nitauawa mimi. Rava akamjibu kwamba auawe na asiue. Kisha akamuuliza, ni nini kilichokufanya udhani damu yako ni nyekundu zaidi? Pengine ya yule mwenzako ndiyo nyekundu zaidi.

Basi. Hiyo ndiyo hoja nzima. Nimesoma kurasa nyingi za falsafa ya maadili tangu hapo, nyingine kwa lazima ya mtihani, na bado sijaona zinazofanya kazi kubwa kuliko swali hilo. Angalia lisivyosema. Halisemi maisha ya yule mwingine yana thamani kuliko yako. Linasema tu hujui, na kwa kuwa hujui, huna haki ya kuwa wewe mwenye mizani na wewe mwenye kisu.

Halafu mambo yanakuwa magumu, na kusema kweli ndipo nilipoanza kuyapenda. Marabi wanasema hayo yote ni kwa nyakati za kawaida na faraghani. Ikiwa serikali imeanzisha kampeni ya kuifuta dini yenyewe, au ikiwa unalazimishwa hadharani mbele ya Wayahudi kumi ili uonekane umeasi, basi usikubali hata jambo dogo. Dogo kiasi gani? Hata kubadilisha kamba ya kiatu. Yaani kama Wayahudi wanafunga viatu kwa mtindo wao na mtawala anataka ufunge kwa mtindo wa wengine ili mambo yenu yaishe, kufa. Kwa kamba ya kiatu!

Nilicheka niliposoma. Baadaye sikucheka, kwa sababu Rava ana mfano unaofafanua. Mtu akikwambia siku ya Sabato, kata nyasi uwape ng'ombe wangu au nikuue, kata. Akisema kata nyasi uzitupe mtoni au nikuue, usikate, ufe. Nyasi ni zile zile, mundu ni ule ule, Sabato ni ile ile. Ila wa kwanza ana ng'ombe wenye njaa. Wa pili hahitaji nyasi. Anachotaka ni wewe.

Mfano huo ulinirudisha moja kwa moja kwenye sofa ya Shosho, kwa sababu yule wa barabara ya Mandera hana ng'ombe. Hataki basi lako wala shilingi zako. Tarehe 22 Novemba 2014 walisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera kuja Nairobi, wakawaua watu 28 ambao hawakuwa Waislamu, walimu wengi kati yao, wakirudi nyumbani kwa likizo ya Desemba. Kwa kipimo cha nyasi na mto, Shosho angeshinda.

Lakini wapi. Kuna Maimonides.

Huyu alizaliwa Cordoba, Hispania, katika karne ya 12. Akiwa bado kijana, Wamuwahidi kutoka Afrika Kaskazini waliuteka mji, na Wayahudi na Wakristo wakajikuta kati ya kusilimu, kuhama au kufa. Familia yake ilitangatanga, ikafika Fez, Moroko, chini ya watawala wale wale. Hapo Wayahudi wengi walikuwa wametamka shahada kwa mdomo na kuendelea kusali Kiyahudi ndani ya nyumba. Rabi mmoja akaandika kutoka mbali, akiwa salama zake, kwamba yeyote aliyetamka maneno hayo ameshatoka katika Uyahudi na sala zake za siri ni bure.

Maimonides alikasirika. Barua aliyoandika kujibu, inayojulikana kama Barua juu ya Mateso, ina hasira ambayo unaisikia hadi leo. Hoja yake ni kwamba mateso haya si kama yale ya Warumi. Hapa hakuna anayekulazimisha kutenda kitu, anataka maneno tu, na hata yeye mwenyewe anajua huyaamini. Aliyekufa badala ya kuyatamka amefanya jambo kubwa mbele ya Mungu. Lakini akija mtu kuuliza afanye nini, aambiwe atamke, aishi, kisha afungashe na kuondoka mahali hapo haraka iwezekanavyo. Naye alifanya hivyo: mwaka 1165 familia ilipanda meli kwenda Acre, na hatimaye akatulia Misri, akawa tabibu mashuhuri, akafa huko 1204.

Fikiria nilivyojisikia. Miaka zaidi ya 800 kabla ya ile simu kulia kwenye sofa, kuna mtu alikuwa ameandika fatwa, tuiite hivyo, juu ya maneno yale yale niliyokuwa nimemtumia binamu yangu. Na jibu lake ni la Auntie, hadi kwenye ile sehemu ya kuondoka. Rafiki yangu mmoja wa Eastleigh, Mwislamu, aliposikia haya alicheka akaniambia hata kwao kuna Ammar bin Yasir, aliyeteswa na makafiri wa Maka hadi akatamka walichotaka, na Kurani inamwondolea lawama aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia katika imani. Kwa hiyo wenye bunduki walikuwa wanadai maneno ya lazima kwa jina la dini ambayo yenyewe inajua maneno ya lazima yana uzito gani.

Maimonides alipokuja kuandika kitabu chake kikubwa cha sheria aliweka jambo jingine zito. Yule ambaye sheria inamwambia vunja usife, akakataa akafa, huyo ana hatia ya damu yake mwenyewe. Na yule aliyepaswa kufa akashindwa, akavunja? Amekosa kulitakasa Jina, lakini mahakama haimgusi, kwa sababu alilazimishwa. Ukisoma mara mbili utaona mizani imeegemea wapi.

Marabi wa Ujerumani na Ufaransa hawakukubaliana naye. Kwao mtu anayetaka kufa hata pale asipopaswa ni mtakatifu. Walikuwa na sababu. Mwaka 1096 wapiganaji wa Vita vya Msalaba walipita miji ya mto Rhine, Worms, Mainz, wakiwapa Wayahudi ubatizo au upanga, na kule kuna wazazi waliowachinja watoto wao kwa mikono yao ili wasibatizwe, kisha wakajiua. Hakuna kura ya Lod inayoruhusu hilo. Walipitiliza, na vizazi vikawaimbia maombolezo kama watakatifu, na nani angeweza kuwafanyia kesi?

Lakini kuna kisa kimoja cha enzi zile ambacho kinaniwinda. Rabi mmoja aliwachinja watoto wengi wakati wa mateso akihofia watabatizwa. Rabi mwingine aliyekuwa pale alimwita muuaji waziwazi. Wa kwanza hakusikia. Yeye mwenyewe akaja kukamatwa na kuuawa kifo kibaya. Kisha amri ya mateso ikaondolewa. Wale watoto wangeishi.

Nina jambo moja la kumwekea Shosho mezani, ingawa sijui kama atalichukua vizuri. Talmudi inauliza kama mtu asiye Myahudi naye anadaiwa kufa namna hii. Maimonides anajibu: hadaiwi. Hata kwa sanamu. Wajibu wa kulitakasa Jina kwa kifo wamepewa wana wa Israeli, si watoto wengine wa Nuhu. Yaani sheria kali kuliko zote nilizozipata ilituangalia sisi watu wa Kiambu ikatupungia mkono tupite. (Hoja ya damu nyekundu ni kitu kingine. Ile ni ya akili, na akili tumepewa sote.)

Na ile hoja ndiyo inayonirudisha tena na tena, kwa sababu swali la kufa kwa ajili ya imani yako, pamoja na ugumu wake, ni swali la mtu mmoja. Marabi walijua kuna baya zaidi. Kundi la watu liko njiani, wanakutana na wenye silaha: tupeni mmoja wenu tumuue, la sivyo tunawaua wote. Jibu: wafe wote, wasitoe hata mmoja. Hesabu ya mmoja kwa wengi hawakuikubali. Wakimtaja jina mtu fulani wanayemtafuta, ni habari nyingine, anaweza kutolewa, japo wengine walibisha kwamba ni mpaka awe amestahili kifo.

Basi ikatokea. Mtu aitwaye Ulla bar Koshev, anayetafutwa na serikali, alikimbilia Lod kwa Rabi Yehoshua ben Levi. Mji ukazingirwa: mtoeni au tunaubomoa. Jina limetajwa, sheria inaruhusu. Rabi akaenda akazungumza naye, akamshawishi, akamtoa. Sasa huyu rabi alikuwa na mgeni wa kawaida, nabii Eliya, aliyekuwa akimtembelea. Eliya akakoma kuja. Rabi akafunga mifungo mingi hadi Eliya akatokea tena, akamwambia haonekani kwa wasaliti. Rabi akajitetea: si nimefuata sheria iliyoandikwa? Eliya akamuuliza kama hiyo ndiyo sheria ya wacha Mungu.

Auschwitz, 1944, siku ya mwaka mpya wa Kiyahudi, swali hilo lilirudi likiwa limevuliwa kila kitu. Wavulana wapatao 1,400 walikuwa wamefungiwa wakisubiri kuuawa. Idadi ilikuwa imehesabiwa. Ukimnunua mmoja kutoka kwa walinzi, watakamata mwingine kujaza nafasi. Baba mmoja alimwendea Rabi Zvi Hirsch Meisels, mfungwa mwenzake, akamuuliza kama anaruhusiwa kumkomboa mwanawe wa pekee. Meisels alikwepa. Hana vitabu, hana marabi wengine wa kushauriana nao. Baba akamsihi. Meisels akakataa kusema ndiyo wala hapana. Yule baba akaelewa kwamba kama ingekuwa ruhusa, rabi angeitoa bila kusita. Kimya chake ndicho jibu. Hakumkomboa mtoto. Meisels aliokoka, na alikiandika kisa hicho yeye mwenyewe baada ya vita.

Sijawahi kumsimulia Auntie kisa hicho. Sidhani nitawahi.

Tarehe 21 Desemba 2015, mwaka huo huo wa Garissa, basi jingine lilikuwa likienda Mandera, karibu na El Wak. Wenye silaha wakalisimamisha, wakataka abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Waliwaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Hakuna aliyekuwa na kitabu cha marabi mkononi, na hata angekuwa nacho, maandishi yale yanazungumzia nafsi za Israeli kati yao, si Mwislamu na Mkristo kwenye kiti kimoja cha basi. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo. Alifariki Januari 2016, hapa Nairobi, baada ya upasuaji.

Kuna jambo dogo lililosimuliwa na abiria ambalo nalipenda kuliko yote. Kabla wale watu hawajaingia ndani, wanawake Waislamu walikuwa wameshawapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa. Nilikwenda kutafuta marabi wanasemaje kuhusu hilo, maana siku hizi ni mazoea yangu. Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha karne ya 16 cha Yosef Karo, kinasema Myahudi haruhusiwi kusema kwa mdomo wake kwamba yeye ni wa dini ya sanamu ili asiuawe. Lakini kubadilisha mavazi ili wasimtambue, hilo anaruhusiwa.

Vitambaa vilikuwa halali, basi. Kwa kila mtu ndani ya lile basi.